Nguo Nyeupe Niliyoiuza

Niliuza nguo ya Komunio ya mtoto wangu. Wacha niseme hivyo mapema kabla sijaanza kuzunguka, maana mimi nikianza hadithi naweza kuishia kwa bei ya sukuma wiki na wewe bado unangoja. Niliiuza Jumamosi, na Komunio ilikuwa Jumapili. Niliikunja kwa mikono yangu mwenyewe, nikaitia kwa karatasi, nikamwambia aliyenunua, "Itampendeza mtoto wako, mama." Hakuna mtu aliyeniibia. Afadhali ningeibiwa, ningekuwa na mtu wa kulaani.

Mtoto alikuwa na miaka kumi wakati huo. Tulikuwa tunaishi, na bado tunaishi, huku Kongo, mtaa wa Kawangware, Nairobi, chumba kimoja kwa ploti ya bibi mmoja Mkikuyu tunayemwita shosho, ambaye babake alikuwa analima hapa kabla ya haya mabati yote kuota. Kazi yangu ni mitumba ya watoto, Soko la Toi. Nilizaliwa ng'ambo ya soko hilo, Laini Saba ya Kibera, kwa wazazi waliotoka upande wa ziwa. Kwa hivyo maisha yangu yote nimekuwa nikizunguka mahali pamoja, na kuzunguka ndiko ninakojua.

Sijui kukaa. Nikiwa mdogo mamangu alikuwa akinituma mafuta taa, narudi na kitunguu. Si ujinga. Njiani nilikuta watu wanabishana, nikasimama kusikiliza, nikamshikia mtu mtoto, nikamfukuza kuku wa jirani, na nilipofika dukani kitu pekee kilichobaki kichwani ni kwamba nimetumwa. Nimetumwa nini, sijui. Nilichapwa nyumbani kwa hilo. Nilichapwa shuleni pia, na kuna mwalimu aliyekuwa akiniita Kichwa Upepo mbele ya darasa lote. Darasa likicheka nami nilicheka, tena nilikuwa wa kwanza, maana ukiwahi kucheka inauma kidogo.

Watu hudhani ukizaa hiyo kitu inaisha. Inaisha wapi! Mtu mzima mwenye kichwa kama changu ana vitu vingi zaidi vya kuangusha. Naloweka nguo kwa beseni, zinakaa siku tatu mpaka zinanuka. Naweka maharagwe jikoni, naenda kuazima chumvi, narudi nakuta moshi na majirani. Nikiketi mguu unatikisika peke yake, nikisikiliza mtu naona mdomo wake unaenda na mimi niko mbali, nafikiria kama nilifunga kufuli. Na nikiambiwa tena kwamba haraka haraka haina baraka, kuna mtu nitamrukia.

Kwa ploti yetu maji hufunguliwa siku mbili kwa wiki, na kila nyumba ina zamu yake kwa mfereji wa bomba. Siku moja kwa zamu yangu niliweka mtungi, nikafungua maji, nikakumbuka jiko, nikaenda kwa jiko, jirani akapita akisema mtaro wa barabarani umezibuliwa, nikatoka naye kwenda kuona mtaro. Mtaro, jamani! Maji yalijaa mtungi, yakajaa uwanja, yakapita chini ya mlango wa shosho mpaka kwa magunia yake ya makaa. Shosho hutuita kwa namba za nyumba. Alisimama hapo katikati, sketi imelowa, akasema kila mtu akisikia, "Mama Namba Tisa, wewe Mungu alikupa kichwa cha kufungia kitambaa tu."

Nilimjibu vibaya. Mimi nikiaibika hupiga kelele, ndiyo tabia yangu nyingine. Nilipogeuka nikamwona mtoto wangu yuko chini na kitambaa, anapangusa sakafu ya shosho bila kuambiwa na mtu. Alikuwa na miaka saba.

Alijifunza mapema jinsi ya kuishi na mimi. Ufunguo wa nyumba alijivika shingoni mwenyewe kwa uzi wa kiatu. Barua za shule alizisoma yeye, akaniletea asubuhi ya siku yenyewe nikiwa nimeshavaa viatu. Mimi nilikuwa na dawa yangu, kujiandika kiganjani kwa biro: unga, mkutano, kodi. Lakini mkono wa mtu wa mitumba unapekua siku nzima na unatoka jasho, na kufikia saa sita kiganja huwa kimebaki na doa la buluu tu. Mtoto aliona hayo. Hakuniuliza kitu, ila aliacha kuniambia mambo yake. Nilimsikia siku moja akimwambia mwenzake mlangoni, "Usimwambie mama. Niambie mimi, nitakumbuka." Hakusema kwa ubaya. Nilikuwa ndani nakuna nazi, nikaendelea kukuna mpaka nikakwaruza vidole.

Hapo ndipo nilijiwekea jambo moja. Moja tu. Kwamba kabla huyu mtoto hajawa mkubwa, kuwe na kitu kimoja nilichokishika mimi na hakikuanguka. Nikachagua Komunio yake ya kwanza. Alikuwa amesoma katekisimu miaka miwili, kila Jumamosi, hakuwahi kukosa. Kilichobaki kwangu ni nguo nyeupe. Mimi, mtu ninayeuza nguo za watoto. Hata mbuzi angeweza.

Beli ya nguo sisi huifungua asubuhi na mapema, na zile safi zinazotoka kwanza tunaziita kamera. Mabaki ya mwisho, yale ya madoa na zipu zilizokufa, ni fagia. Ile nguo ilikuwa kamera ya kamera. Nyeupe, ya pamba nzito, shingoni imetariziwa vijiua vidogo, mgongoni vifungo kama lulu na hakuna kilichokosa. Nilipoivuta tu nilijua ni yake. Wenzangu wakasema tundika hiyo mbele, itavuta watu. Nikakataa. Niliificha chini ya gunia wiki tatu, na kwa wiki tatu sikuisahau hata siku moja. Naomba hilo nalo lihesabiwe.

Ilikuwa ndefu kidogo, nikampa fundi wa cherehani anayekaa kando ya meza yangu aikate pindo. Huyo fundi ni mzee wa maneno. Huniambia, "Wewe ukifa tutafunga jeneza na kamba, la sivyo utashuka njiani usalimie watu."

Jumamosi asubuhi watoto walienda kuungama. Nilimpeleka mimi. Wazazi wengine walikaa ndani kwa mabenchi, mimi nilitembea nje kuanzia lango mpaka tangi la maji, lango mpaka tangi, nikijifanya naongea na simu. Alipotoka alikuwa anatembea polepole, kama mtu amebeba bakuli limejaa. Nikamuuliza padri amesemaje.

"Amesema niko safi," akaniambia. "Mama, mpaka kesho sitakiwi kukosea."

Tukaenda Toi kwa miguu. Njia nzima alikuwa kimya, na mimi kwa ajili yake nikajaribu kuwa kimya, nikaweza mpaka karibu Ngong Road. Fundi alikuwa ameshaipiga nguo pasi ya makaa. Aliishika juu tuione, na mtoto wangu akaweka mikono yote miwili mdomoni. Sijawahi kumwona hivyo. Halafu akanyoosha mikono.

"Mama, niishike mimi."

Ningempa. Hiyo tu, ningempa! Alikuwa na begi lake la shule, tupu, alikuwa amelibeba makusudi. Lakini fundi alikuwa anaangalia, na wenzangu wa meza ya pili walikuwa wanaangalia, na mimi nikasikia kiburi kinanipanda mpaka kooni. Nikasema kwa sauti, wote wasikie, "Niachie. Mimi ndiye mama."

Akaniangalia. Akashusha mikono. Nikamtuma akamletee fundi chai na mandazi, kama asante.

Jumamosi Toi ni watu na watu. Hata hajafika kona, mama mmoja akaniuliza sweta iliyokuwa chini kabisa ya rundo. Kutoa sweta ya chini kunataka mikono miwili. Mkono wangu mmoja ulikuwa na nguo. Nikaitundika kwa waya, dakika moja tu, nikainama.

Sasa, kuna sheria moja kwetu ambayo hakuna aliyeiandika: kinachoning'inia kwa waya ni cha kuuzwa. Huwezi kutundika kitu hapo halafu ukamwambia mteja hicho ni changu. Mimi mwenyewe nimegombana na wenzangu kwa ajili ya sheria hiyo. Nilitoa sweta, ikaonekana ndogo, nikatafuta nyingine, mtu akadondosha kofia, mwingine akaniuliza soksi, na mama mmoja mnene anayenukia mafuta ya samaki akagusa nguo nyeupe akasema, "Hii ni ngapi?"

Nikamtajia bei. Akashuka, nikapanda, akacheka, nikacheka. Nilifurahia yale mabishano, na nilimshinda. Macho yangu yaliona nguo nyeupe, kamera, mteja yuko tayari. Hayakuona nguo ya mtoto wangu. Sijui nikuelezeje hilo ili uniamini. Mimi mwenyewe huwa siamini.

Mtoto alirudi na chai. Akaangalia waya, akaangalia gunia, akaangalia mikono yangu.

"Mama, nguo iko wapi?"

"Si iko hapa," nikamwambia, tena kwa uhakika, na mkono wangu ukaenda kwa waya ukashika hewa.

Cherehani ya fundi ikasimama. "Si umeuza?" akasema polepole. "Nilikuona. Nilidhani labda umepata nyingine nzuri zaidi."

Mtoto hakulia. Angelia ningejua la kufanya, ningembembeleza. Aliweka chai ya fundi chini vizuri, isimwagike, kisha akamuuliza fundi, si mimi, kama anamjua aliyenunua. Fundi akasema anamjua, yeye humshonea aproni. Ni mama wa samaki, anakaangia Laini Saba, kando ya reli.

Tukashuka kupitia Makina, karibu tukimbie. Moyoni nilikuwa naapa kwa kila mtakatifu ninayemjua. Na bado, sikiliza aibu hii: njiani kulikuwa na jamaa anauza kimashine cha kukata sukuma, unaingiza majani hapa yanatoka kule yamekuwa nyuzi, na watu wamemzunguka. Nikasimama. Haki ya Mungu nilisimama, nguo ya Komunio ya mtoto wangu inaenda, na mimi naangalia sukuma. Sijui ni kwa muda gani. Nilizinduka nikivutwa mkono wa sweta.

"Mama. Nguo."

Alisema hivyo tu, na sauti yake ilikuwa ya mtu amechoka.

Mama wa samaki tulimpata kwa karai lake, ngege, wale samaki wa ziwani, wamepangwa mezani wakiangalia upande mmoja. Nyuma yake kulikuwa na mlango wa mabati na pazia, na mbele ya pazia msichana wa kama miaka minane, amevaa ile nguo. Alikuwa amesimama mikono ameitandaza asiguse kitu. Pua ilikuwa imeoshwa, nywele zimepakwa mafuta. Mamake alikuwa anamwambia ageuke aone mgongo.

Ningeweza kusema ukweli. Ukweli wenyewe ulikuwa mfupi, sentensi mbili. Lakini ulikuwa unaanza na "nilisahau," na hilo neno nimelisema maisha yangu yote, kwa mamangu, kwa walimu, kwa shosho, kwa waajiri watatu walionifuta kazi, mpaka linanitapisha. Sikutaka kulisema tena mbele ya mtoto wangu. Kwa hivyo nikamwambia yule mama kwamba nguo ina shida. Kwamba ile beli ilikuja na upele, watoto kadhaa wameshaambukizwa, na tumeambiwa tuzikusanye zote. Nilisema bila kigugumizi. Hata nikaongeza kwamba upele wenyewe huanzia shingoni.

Aliangusha kijiko ndani ya mafuta. Akamvamia mtoto wake na mikono yake ya samaki, anafungua vifungo mbio mbio, anasema, "Woi, woi, toa, toa!" na mtoto akaanza kulia. Halafu akaanza kujikuna. Ngozi yake ilikuwa safi kabisa, naiona mpaka leo. Alijikuna shingo kwa sababu ya maneno yangu.

"Si kweli."

Ni mtoto wangu aliyesema. Alikuwa amesogea mbele yangu.

"Haina upele. Ni nguo yangu ya Komunio, ya kesho. Mama alisahau akaiuza. Yeye husahau." Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, bila hasira yoyote. Kisha akamwambia yule mtoto mwingine, "Wacha kujikuna. Uko sawa."

Mama wa samaki aliacha vifungo. Akanigeukia, na watu wa vibanda vya karibu walikuwa wameanza kusogea, maana Laini Saba hakuna ugomvi wa watu wawili.

"Ungeniambia hivyo," akasema. "Ungeniambia tu hivyo, mama, ningeivua nikupe, hata pesa ungeniletea siku nyingine. Mtoto ni mtoto. Lakini wewe umekuja kunitisha na ngozi ya mtoto wangu?" Akatikisa kichwa. "Njia ya mwongo ni fupi. Yako imeishia hapa kwa karai langu. Nguo haitoki."

Nikatoa pesa yake, akakataa hata kuiangalia. Nikaanza kupandisha sauti. Nilisikia nikisema ati ananionea, ati hajui mimi ni mtoto wa hapa Laini Saba, ati ataniona. Mtu mzima, nafoka mbele ya samaki. Mtoto wangu akanishika kidole kimoja tu, akanivuta, na sauti ikanikatikia.

Tulipokuwa tunaondoka yule mama akaita, "Nyathina, ngoja," yaani mwanangu kwa Kijaluo, na hakuwa ananiita mimi. Alichagua ngege mmoja mkubwa, akamfunga kwa gazeti, akampa mtoto mkononi. "Hii ni yako. Kula," akasema, kisha akaniangalia. "Wewe sijakupa."

Tulitembea kando ya reli. Alifungua gazeti, akala kidogo, akatoa miiba kwa nyama ya upande wa mgongo, akanimegea. Nikala. Hata hilo naliona aibu, kwamba nilikuwa na njaa.

Baadaye sana, kwa kliniki niliyopeleka kikohozi, muuguzi mmoja aliniona jinsi nilivyoshindwa kukaa kwa benchi, akaniuliza maswali mengi yasiyohusu kikohozi. Akaniambia hali yangu ina jina lake la hospitali, iko kwa watu wengi, hata watu wazima, kwamba si uvivu wala laana, na kuna mahali anaweza kunielekeza nisaidiwe. Nililia pale mpaka akafunga mlango. Nilitaka sana hilo jina linioshe, na kwa mengine limenisaidia. Mafuta taa, maharagwe, maji ya shosho, hata kuiuza ile nguo, nimeanza kujisamehe polepole. Lakini ule uongo wa upele hauingii humo. Siku hiyo nzima akili yangu ilikuwa imetawanyika kama nguo za fagia, isipokuwa dakika moja. Nilipokuwa namdanganya yule mama, nilikuwa makini kabisa.

Jumamosi ile, tulipotoka kwa reli tukarudi Toi, fundi alikuwa bado anatungoja. Kwa meza zote za Toi, saa hizo, hakukuwa na nguo nyeupe ya saizi yake, nilizunguka mara tatu. Kulikuwa na moja kwa fagia yangu, rangi ya uji, kubwa, ina doa la kutu karibu na pindo. Fundi aliipunguza kwapani, akaficha doa ndani ya mkunjo, na hakutaka kitu. Hakunitania pia. Hapo ndipo nilijua hali yangu ni mbaya.

Jumapili watoto walipangwa nje ya kanisa wawili wawili, kila mmoja na mshumaa. Wasichana wote walikuwa weupe kama mayai, na wangu katikati, rangi ya uji. Shosho wa ploti ni kiongozi wa jumuiya yetu, yeye ndiye alikuwa anapita akinyoosha shela na kukagua viatu. Nilimwona anakuja na nikatafuta mahali pa kujificha, sikuona. Akasimama mbele ya mtoto. Akamwangalia juu mpaka chini, kisha akanitafuta kwa macho nyuma ya kamba walikosimama wazazi.

"Na nguo nyeupe, Mama Namba Tisa?" akasema. "Ama kichwa kilibaki sokoni tena?"

Wamama wakageuka. Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimejiambia asubuhi hiyo kwamba yeyote akiniuliza nitasema ukweli wote, hata ule wa upele. Mdomo ulikuwa wazi na hakuna kilichotoka.

"Shosho, ile nyeupe ilinibana," akasema mtoto wangu. "Mama alikuwa amenitafutia nzuri sana. Ni mimi nilikataa. Hii ndiyo nilichagua."

Alimwangalia shosho machoni, hakupepesa. Yule mtoto aliyeshindwa kunyamaza Laini Saba, mbele ya watu, kwa sababu alikuwa safi na hakutakiwa kukosea. Shosho akamtengeneza shela. "Haya. Hata imekukaa," akasema, akapita. Kengele ikalia, mstari ukaanza kwenda, na mtoto wangu akaingia kanisani na uongo wangu mdomoni.

Niliketi ile misa yote. Nilijifinya paja mpaka likafa ganzi, lakini niliketi. Alipofika mbele, alisimama kidogo kabla ya kufungua mdomo kupokea, kidogo tu, padri akainamisha kichwa kama anamuuliza kitu. Kisha akapokea.

Baada ya misa wengine walikuwa wanapigwa picha karibu na maua. Yeye alikuja kwangu moja kwa moja, mshumaa bado unawaka, amekataa kuuzima, mkono mmoja ameukinga upepo.

"Mama, ile nimemwambia shosho, ni dhambi?"

Nikamwambia kama kuna dhambi ni yangu, yeye hana. Nikamwambia hiyo na ya jana, ya samaki, zote ni zangu, na nitaziungama mimi, Jumamosi, halafu niende kwa yule mama wa reli nimwombe msamaha kwa mdomo wangu.

Halafu akaniuliza, bila mzaha wala kunisuta, jinsi unavyomuuliza mtu kama mvua itanyesha.

"Utakumbuka?"

Wamama walikuwa wanacheka kando yetu, watoto wanakimbia na shela zao, na mimi nilisimama pale natafuta jibu la ukweli na silioni. Yeye hakungoja. Alienda kwa katekista akaazima biro, akarudi, akanishika mkono wa kulia. Niligeuza kiganja. Akakirudisha chini.

"Hapana, huko jasho hufuta," akasema. "Nitaandika huku juu."

Lakini kuandika kwa ngozi kunataka mikono miwili, mmoja wa kuivuta na mwingine wa biro, na mmoja wake ulikuwa na mshumaa. Akauangalia mshumaa. Akaniangalia mimi. Niliona anafikiria, na sikumwambia niachie, wala sikumwambia mimi ndiye mama.

"Shika," akasema hatimaye, akanipa. "Usiweke chini mahali popote."

Akainama, akaniandikia pole pole, akikandamiza biro mpaka inauma: JUMAMOSI. KUUNGAMA. SAMAKI. Nta ilianza kudondoka kwa kidole changu, moto, tone baada ya tone. Mtu fulani akaniita kutoka langoni. Sikugeuka.